Bi Asidi na Laptopu Arobaini na Nane

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa nane mchana, mwalimu wetu wa kemia atavua koti lake jeupe (mara ya mwisho koti hilo kuwa jeupe, wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi) na kustaafu baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya utumishi. Mkuu wa shule ameniomba niandike wasifu wenye heshima. Mstaafu mwenyewe ameniomba niandike ukweli. Nimejaribu kuwaridhisha wote wawili nikashindwa, nikaamua kumwogopa yule anayeshika asidi.

Wanafunzi humwita Bi Asidi. Jina hilo halikutokana na kemia, lilitokana na ulimi. Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na sita, sanduku moja na kiatu kilichokatika mkanda. Wiki hiyo hiyo mwanafunzi mmoja mrefu wa dawati la nyuma alimuuliza kama yeye ndiye mwalimu au ni mdogo wake mwalimu. Akamjibu, "Mwalimu ni mimi. Wewe ni jaribio, na naona limeharibika." Jina likabandikwa kabla kengele haijalia, na mpaka leo halijabanduka.

Amefundisha vidato vyote. Ameongoza idara ya sayansi kwa miaka kumi na mmoja. Aliwahi kukaimu nafasi ya makamu mkuu kwa wiki tisa, kipindi ambacho utoro wa walimu ulikoma kabisa, pamoja na furaha yao. Mwaka wake wa saba, kitabu kilimwelekeza atie majini kipande cha sodiamu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Yeye akaona punje haitaonekana na waliokaa nyuma, akakata ya ukubwa wa harage. Bakuli lilipasuka, dari likapata doa, na mwalimu wa zamu aliyekuwa akichungulia dirishani akajifunza kubisha hodi. Hakuumia mtu. Kesho yake alikuja na harage lenyewe, akaliweka mezani, akawaambia wanafunzi, "Jana nilikosea kwa kiasi hiki."

Hayo ni ya kawaida, kila shule ina mwalimu wa namna hiyo. Ninachotaka kueleza ni habari ya laptopu, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili, na kwa miezi kadhaa tulikuwa tunasalimiana kwa nyusi tu.

Miaka sita iliyopita wahisani walituletea laptopu arobaini na nane. Mkuu alitukusanya ukumbini, watu ishirini na sita, akashika kipaza sauti. Alitangaza kwamba majaribio ya kemia sasa yatafanyika kwenye skrini: safi, ya haraka, hakuna cha kuvunjika. Bodi ikikubali, mwakani maabara ingegeuzwa kuwa chumba cha kompyuta. Mimi, mwalimu wa fizikia, niliteuliwa kuwa mratibu wa mpango mzima na nikakabidhiwa ufunguo wa kabati. Nilivimba kama chura aliyesifiwa sauti.

Bi Asidi akanyoosha mkono. "Mkuu, hizi mashine zinanusa?"

"Hazinusi, Mwalimu. Hiyo ndiyo faida yake."

"Aha. Kwa hiyo mtoto atamaliza shule hajui harufu ya amonia, na siku akikutana nayo chooni atadhani ni marashi."

Watu walicheka, Mkuu hakucheka. Agizo la kemikali la muhula ule likafutwa.

Muhula wa kwanza ulinipa jeuri. Vijana wa kidato cha tatu walizipenda laptopu kama zilikuja na ugali. Alama zao za maswali ya kwenye skrini zilipanda, nami nikachapisha mchoro wa ongezeko hilo na kuubandika ubao wa matangazo, kwa rangi. Siku tatu baadaye Bi Asidi aliingia darasani kwangu na stuli na daftari, akaketi nyuma kabisa. Kila baada ya dakika tano aliinuka, akapita nyuma ya wanafunzi kimyakimya, akaandika, akarudi kuketi. Nilidhani amekuja kujifunza.

Kwenye kikao cha walimu akasoma daftari lake. "Dakika ya tano, skrini thelathini na nane zina sayansi. Dakika ya kumi na tano, ishirini na moja. Dakika ya thelathini, tisa. Mpira kumi na nne, magauni ya harusi sita, kumi na nane wanaandikiana umbea, na mmoja anatazama namna ya kufuga sungura. Huyo wa sungura nimemsamehe, angalau ni biolojia."

Niliwaka. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anachukia mashine kwa sababu zimempita umri.

"Sizichukii mashine, mdogo wangu," akasema bila kupandisha sauti. "Nachukia namna unavyojificha nyuma yake."

Nilikaa wiki mbili bila kusema naye. Nilikuwa najua ana haki, ndiyo maana zikawa mbili.

Kisha akajiharibia mwenyewe. Walimu wote tulikuwa tumeagizwa kutuma ripoti kwa barua pepe. Yeye alitaka kumwandikia dada yake wa tumbo moja, akabonyeza pasipotakiwa, na ujumbe ukatufikia sote, wajumbe wa bodi, pamoja na duka linalotuchapishia mitihani: "Dada, huyu Mkuu wetu ana suti mbili na wazo moja, na wazo lenyewe ameliazima." Aliitwa ofisini. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi tulikuwa tumejipanga chumba cha walimu kama waombolezaji. Akamimina chai yake, akasema, "Nimeomba radhi kuhusu suti. Kumbe ni tatu."

Lakini mzaha huo ulifunika jambo zito. Mkuu alikuwa amemwambia kwamba maabara itafungwa mwisho wa mwaka, na asiporidhika aandike barua ya uhamisho. Yeye akaomba kitu kimoja tu: kabla ya kufunga, pafanyike pambano la haki. Mkuu alikubali kwa kuwa alikuwa na hakika ya kushinda. Bi Asidi aliliomba kwa sababu hiyo hiyo.

Tulitia majina ya kidato cha tatu kwenye kopo la maziwa, tukachanganya, tukagawana nusu kwa nusu. Mada ikawa kasi ya mmenyuko, yaani kinachofanya kemikali mbili ziungane upesi au polepole. Mimi nilifundisha kwa laptopu, yeye kwa bika za kioo na saa ya ukutani, kwa wiki tatu. Mtihani ukatungwa na kusahihishwa na mwalimu wa shule jirani asiyejua nani ni wa nani.

Kwenye vitendo alinifagia. Wake walipata wastani wa sitini na sita, wangu thelathini na tisa. Mwanafunzi wangu mmoja alishika kipimajoto kwa upande wa chini, akaripoti kwamba maji ya bomba yana nyuzi thelathini na tano. Yaani alijipima mwenyewe.

Kwenye maandishi, wangu walipata sitini na moja, wake hamsini na mbili. Michoro yao ilikuwa mizuri, na walipoulizwa kwa nini joto huharakisha mmenyuko walieleza kama watu waliokuwepo, kwa sababu kwenye skrini walikuwa wameziona chembe zikigongana. Wake walijua kwamba huharakisha. Kwa nini, wengi waliandika "kwa sababu ya joto".

Aliyasoma matokeo hayo mara mbili, amesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akasema tu, "Hili la kwa nini limenichoma," akayakunja na kuyatia mfukoni.

Siku iliyofuata tuliwarudisha wanafunzi wote chumba kimoja tuwasomee alama. Palikuwa na binti mmoja wa upande wangu, aliyekaa dirishani, wenzake wakimwita Kimya kwa kuwa tangu kidato cha kwanza hakuna aliyemsikia akiuliza kitu. Akanyoosha mkono. Mimi nilidhani anaomba ruhusa ya kutoka.

"Mwalimu, hili jaribio la kwenye kompyuta nimelirudia mara sitini na moja. Mbona halikosei?"

"Kwa sababu limetengenezwa vizuri," nikamjibu.

"Lakini wenzetu wa kule maabara kila kundi lilipata jibu lake. Huku wote tunapata moja. La kweli ni lipi?"

Mimi nilikuwa nafungua kinywa nitoe jibu la kiratibu. Bi Asidi akanishika mkono. Akavuta stuli, akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya darasa. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia, "Miaka yote hii kundi likileta jibu la kiajabu nawaambia nakilini kwa waliopatia. Sijawahi hata siku moja kuwauliza jibu lao limetoka wapi." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji, "Nifundishe hiyo mashine."

Nilimfundisha. Haikuwa kazi ndogo. Alichapa kwa vidole viwili, na kila kitu kilipopotea alikitukana kwa majina ya kisayansi. Alianza kubeba laptopu nyumbani. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mpole anayepiga honi zaidi ya anavyoongea, alinipigia simu: "Mwalimu, nimerudi safari ya siku kumi na moja nakuta nimeozwa mke wa pili. Tena wa kuchaji."

Baada ya miezi miwili akaja na utaratibu wake, ule tunaoutumia mpaka sasa. Kwanza jaribio la kweli, laptopu zikiwa zimefungwa. Anasema, "Fungeni midomo ya mashine, fungueni yenu," na ole wake mwenye mwanga usoni. Kisha kila kundi linaingiza vipimo vyake, vizuri na vibaya, kwenye jedwali moja, na nukta zote zinatokea pamoja ukutani. Mwisho ndipo wanafungua jaribio la kwenye skrini, wanalinganisha, na wanatakiwa waseme kwa nini vyao vimetofautiana. Hakuna kunakili kwa waliopatia. Kimya alianza kuongea mpaka tukafikiria kumbadilisha jina.

Sasa Mkuu, kuona hivyo, akaalika bodi ya shule ije itazame somo la mfano kabla ya kupigia kura hatima ya maabara. Walikuja wajumbe saba. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama wa makamo ya juu aliyevaa miwani ya kamba. Makundi manane, kila moja na utepe wa magnesiamu na asidi. Kazi ni rahisi: dumbukiza utepe, hesabu sekunde mpaka uyeyuke wote. Skrini ilisema, kwa asidi ya nguvu iliyoandikwa kwenye lebo, sekunde hamsini.

Dakika moja ikapita, utepe unatoa mapovu. Dakika mbili. Mkuu akatoa leso. Kundi namba moja lilimaliza kwa dakika tatu na sekunde kumi, namba mbili dakika tatu kasoro sekunde chache, na mengine humo humo. Nukta nane zikatokea ukutani, zimerundikana pamoja, mbali na mstari wa kompyuta kama wageni waliokosea harusi.

"Zima," Mkuu akaninong'oneza. Nikanyoosha mkono kwenye waya. Bi Asidi akanitazama tu, nikaurudisha.

Mwenyekiti akarekebisha miwani. "Sasa hapa nani amekosea, watoto au mashine?"

Kimya akasimama. "Tungekuwa tumekosea sisi, Mama, nukta zingetawanyika, kila mmoja na kosa lake. Hizi zimekaa pamoja. Kuna kitu kimoja kimetukosesha wote."

"Kitu gani?"

Wakaanza kutafuta, mbele ya bodi, bila kuomba ruhusa. Wakapima joto la chumba, sawa. Wakapima urefu wa utepe, sawa. Wakakwangua utepe mwingine kwa msasa, wakajaribu tena, vile vile. Mtu akasema, "Imebaki asidi." Mwingine akasema, "Tuipime."

Zilikuwa zimebaki dakika nne kengele ilie. Nilimwona Bi Asidi akiitazama saa ya ukutani. Angeweza kusema muda umekwisha. Hakuna ambaye angejua.

Akaweka chaki chini. "Pimeni mkitaka, lakini nitawaambia mtakachokikuta. Nimeitia maji."

Mkuu aliketi bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Akaeleza. Tangu agizo la kemikali lifutwe, chupa zilikuwa zinaisha. Asidi nzuri ya mwisho ilikuwa karibu imalizike jana yake kwenye mazoezi. Iliyobaki alikuwa ameiongeza maji ili itoshe vikundi vyote, na lebo akaiacha ilivyo.

"Na leo ulitarajia nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nilitarajia mtasema ni mikono ya watoto." Akawageukia wanafunzi. "Hiyo ndiyo inayonitia aibu. Si maji. Nilikuwa tayari kuwasingizia hawa."

Huko nyuma kundi moja lilikuwa limeshaipima asidi, maana hakuna aliyewaambia waache. Kimya akanyoosha mkono kwa adabu. "Sifuri nukta tano mbili, Mwalimu. Lebo inasema moja. Umetia maji karibu nusu kwa nusu."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwamba katika miaka yake yote wodini hajawahi kuona wagonjwa wakigundua ugonjwa wa daktari, na kwamba chumba ambacho watoto wanaweza kumkamata mwalimu wao kwa ushahidi hakifungwi. Kura ilikuwa sita kwa moja. Huyo mmoja alitaka kwenda kula.

Haki nayo ilichukua mkondo wake. Bi Asidi alipewa barua ya onyo kwa kuacha lebo ya uongo kwenye kemikali, na alistahili. Aliisaini, akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya rafu ya chupa. Kila kidato cha kwanza kinapoingia, mmoja huisoma kwa sauti, kisha ndipo wanaruhusiwa kugusa kitu. Mkuu naye, niseme haki yake, aliagiza kemikali wiki ile ile, akafika mwenyewe kushusha maboksi. Amesoma ukurasa huu na ameruhusu uchapwe kama ulivyo, suti na yote.

Msinielewe vibaya. Matokeo yetu hayakupaa kama roketi. Mwaka wa kwanza yalipanda kidogo, wa pili yakashuka, kisha yakapanda na kutulia. Bado wako wanaotazama mpira, ila sasa inabidi wawe na kipaji. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba zamani wanafunzi walituuliza jibu sahihi ni lipi, na siku hizi wanatuuliza tumelipataje. Ni usumbufu mkubwa. Kimya yuko chuo kikuu anasoma kemia. Mwezi uliopita ameandika kwamba ameshavunja vyombo viwili na mashine moja, na kwamba mashine haikuwa kosa lake, ana vipimo.

Jumanne wiki hii nilikwenda kuketi nyuma ya somo la mwisho la Bi Asidi, na stuli na daftari, kulipa deni. Walikuwa wakitengeneza fuwele za salfeti ya shaba, zile za buluu zinazong'aa. Za makundi matano zilitoka buluu. Za kundi la sita zilitoka na rangi ya kijani. Wakamwita. Akaja, akainama, akazigeuza kwa kijiti, akazipeleka dirishani, akazirudisha. Darasa zima likamsubiri.

"Sijui," akasema.

Wakamkodolea macho.

"Ndiyo. Miaka thelathini na tatu, na hili sijui. Tafuteni."

Laptopu zikafunguka, kichomeo kikawashwa, mmoja akakimbilia chupa kusoma lebo, wawili wakaanza kubishana. Kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Bi Asidi akakusanya chaki zake, akasimama mlangoni kidogo, akitazama migongo yao. Alikuwa anangoja waage, nadhani. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Nikamwona anatabasamu, akaushika mlango usigonge, akatoka.

Dada yetu, kwa niaba ya walimu uliowasuta, wanafunzi uliowaamsha, na Mkuu uliyemvumilia naye akakuvumilia, tunasema ahsante. Umetufundisha mengi, na mengine hatukuwa tumeomba. Mumeo ametuambia kwamba safari zake za barabarani naye anazimaliza mwaka huu, na kwamba mtaanza kuzoeana upya, akishindwa atatupigia simu. Lala mpaka jua likuchome. Kula taratibu. Wachambue majirani kwa kiasi. Mwili ukupe nguvu, nyumba ikupe amani, na siku zako ziwe nyingi, tena zisizotiwa maji.